Disiki za Landrova ya Baba

Jumamosi, 4 Januari 2025

Nimepanda mlima wa Sekenke leo na disiki mbili za breki na kalipa zake za kuzibana ndani ya kiroba cha alizeti. Dereva wa lori aliyenipa lifti kutoka Shelui aliuliza kama nimehama na mawe ya kusagia. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na hamu ya kueleza.

Naieleza hapa basi, maana daftari haliulizi maswali ya kijinga. Landrova ya baba ni ya mwaka sabini na nne. Yeye, Mzee Melkizedeki, ameiendesha miaka arobaini. Imebeba wagonjwa, wachungaji, mbegu na maiti. Breki zake ni za dramu, zile zinazofungiwa ndani ya ngoma ya chuma, na zikilowa maji ya korongo hazishiki mpaka zikauke. Mwaka jana mwezi wa tatu baba alikuwa anashuka Sekenke, pedeli ikazama mpaka sakafuni. Akaegemeza gari kwenye ukingo wa udongo kwa ufundi wa zamani, likasimama. Hakuumia mtu. Siku hiyohiyo mdogo wangu Nathan, anayeishi naye, akaficha ufunguo. Sasa amepata mnunuzi wa gari, mtu wa Mkiwa. Nathan anasema tatizo ni baba. Baba anasema, "Siyo mimi, ni breki."

Namwamini baba. Nitafunga disiki mbele, yeye ataendesha, atakanyaga, litasimama, na Nathan atanyamaza. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili sijawahi kumwambia mtu. Gereji yangu iko Shelui, chini ya mlima, na madereva wa malori wananikabidhi roho zao kabla ya kupanda. Ni mtu mmoja tu hajawahi kusema "Yunisi ameweza", naye ndiye aliyenizaa. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alininyang'anya spana akampa Nathan, ambaye mpaka leo akigusa nati lazima aiue uzi. Nataka baba aseme neno hilo wakati bado ananijua. Krismasi aliniita Selina mara mbili. Selina ni mama, na tulimzika miaka saba iliyopita.

Jumapili, 5 Januari

Mvua kutwa. Hakuna kilichofanyika isipokuwa kula.

Jumamosi, 11 Januari

Nimevua dramu. Ndani ya silinda za magurudumu nimekuta kutu na ute mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Gari la miaka hamsini, utakuta nini? Nimetupa vyote.

Baba alikaa kwenye kigoda akiangalia. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mama." Nikiangusha nati anaiangalia ilipoangukia. Nikiiokota anaangalia pengine.

Jumamosi, 18 Januari

Disiki zimekaa, kalipa zimekaa, paipu mpya zimepita bila kugusa chochote. Kazi safi. Nathan alirudi kutoka kwenye mtama akazunguka gari mara moja, akasema, "Dada, unampamba ng'ombe wa kuuzwa." Nikamwambia akanawe miguu.

Jumapili, 19 Januari

Agnes, mke wa Nathan, analalamika sabuni ya unga inaisha haraka. Nimemwambia nguo zangu nafua mwenyewe Shelui, asinitazame hivyo.

Jumamosi, 25 Januari

Leo tumetoa upepo kwenye breki, na nusura tutoane roho.

Ni kazi ya watu wawili. Wa chini ana spana, wa juu ana mguu. Wa chini anasema kanyaga, wa juu anakanyaga na kushikilia, wa chini anafungua skrubu ya kalipa, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia mapema, gari linavuta upepo upya na mnaanza moja. Nathan aliachia mapema mara tatu. Mara ya nne nikamwita jina la mnyama. Akashuka, akasema ana shamba la kupalilia na baba wa kumlisha, na kwamba mimi nakuja kama mgeni, kuliona gari, siyo kumwona baba.

Agnes akakanyaga badala yake, vizuri kabisa. Chupa nzima ya mafuta imepita lakini pedeli bado ni laini kama uji. Sielewi. Nimefanya kazi hii mara mia.

Jumapili, 26 Januari

Baba alitoka kanisani na suti yake, akachutama mbele ya gurudumu la kulia, akatazama kwa muda kisha akasema, "Hii kalipa ni ya kushoto."

Nikasema hapana.

"Skrubu ya kutolea upepo iko chini. Upepo unapanda, hauteremki. Uko huko juu unakucheka."

Kumbe nilizibadilisha, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, na nimelifanya mimi, mbele yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini furaha ilizidi aibu. Mtu anayeona hivyo hajapotea! Nilimtazama Nathan kusudi, ili aone kuwa nimeona.

Jumamosi, 1 Februari

Kalipa zimerudi mahali pake. Agnes kakanyaga, nimetoa upepo, pedeli ngumu kama jiwe. Nilimwita baba aikanyage. Akapanda, akakanyaga mara mbili, akashikilia, akaachia, akashuka.

Nilingoja.

Akasema, "Usisahau kufunga boneti, mvua inakuja."

Jumamosi, 15 Februari

Nimelijaribu mpaka njia panda na kurudi. Magurudumu ya mbele yalikuwa ya moto, nikatemea disiki, mate yakachemka. Nikakumbuka kuwa masta silinda ya dramu, ile pampu ya breki, ina kivalvu kinachobakiza presha kidogo ndani ya paipu. Dramu inaihitaji, disiki haiitaki, inazibana pedi muda wote. Nimekitoa. Sasa linaserereka lenyewe ukiliachia.

Nimesema Pasaka ndipo tutashuka Sekenke na baba kwenye usukani. Nathan akachukua jembe akaenda shambani.

Jumatano, 19 Februari, Shelui

Lori limepinduka mlimani, la mahindi. Dereva mzima. Watu walifika na ndoo kabla ya polisi.

Jumamosi, 1 Machi

Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi.

Nilifika saa nne asubuhi, nikawasha gari, nikakanyaga pedeli. Ikazama mpaka sakafuni. Nikafungua kopo la mafuta ya breki. Ndani siyo mafuta. Ni maji meupe yenye povu. Nikafungua skrubu za kalipa, yakatoka hayohayo. Mtu amemwaga mafuta yangu yote akajaza uchafu.

Nani? Baba hana nguvu ya kufungua skrubu nilizokaza mimi. Agnes ana faida gani? Nathan ana mnunuzi. Nathan hataki Pasaka ifike.

Nilimfuata shambani, matope mpaka magotini. Nikamwambia yote. Nikamwambia amengoja baba achanganyikiwe ili auze mali, kwamba breki nzima zinamuumbua, ndiyo maana ameziua. Nikamwambia mtu wa namna hiyo angeweza kumwua baba mlimani. Nikasema na mama alijua roho yake.

Alisimama na jembe mkononi. Alikuwa amekonda, sikuwa nimegundua. Alisema neno moja tu: "Sawa." Akainama akaendelea kupalilia.

Mtu asiye na hatia angebisha, siyo kweli?

Jumapili, 2 Machi

Agnes aliniwekea chakula bila kusema "karibu, wifi".

Jumamosi, 8 Machi

Barabara imekatika korongoni, sikwenda.

Jumamosi, 22 Machi

Nimebadilisha raba zote za masta na za kalipa, nimesafisha paipu kwa spiriti, nimejaza mafuta mapya. Agnes alikanyaga. Pedeli ni ngumu tena. Nimemwambia afiche ufunguo hata kwa mumewe. Akasema, "Wifi, boneti haina ufunguo."

Baba aliniuliza mama amekwenda wapi. Nilisema kisimani. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumapili, 30 Machi

Nathan na Agnes walikwenda kanisani. Baba alikataa kuvaa suti, wakamwacha nami, na mimi goti linauma. Nilikuwa ndani naosha vyombo. Nikaona kupitia dirishani.

Baba alikuwa amevaa shati lake la kaki la udereva. Alifungua boneti akaisimamisha na fimbo yake sawasawa. Alikuwa na beseni, chupa iliyokatwa shingo kuwa faneli, na spana yangu namba kumi na moja. Alilala chini kwenye unyevu, mzee wa miaka sabini na tisa, na mikono niliyoiita dhaifu ikafungua skrubu kwa mkupuo mmoja. Akainuka. Akapangusa mfuniko wa kopo kwa kitambaa safi kabla ya kuufungua, kama alivyokuwa akimfundisha Nathan zamani, nami nikichungulia. Halafu akaanza kumimina maji ya sabuni.

Nilitoka mbio na mikono imelowa. "Baba! Unafanya nini?"

Hakushtuka. "Mafuta ya breki hakuna," alisema. "Nimeuliza Singida hakuna, Nzega hakuna, nchi nzima hakuna. Tunakwenda na sabuni. Mgonjwa hawezi kungoja mpaka serikali ilete."

Niliijua hadithi hiyo. Alitusimulia tukiwa wadogo: mwaka themanini na tatu, wakati wa ukosefu, hata sabuni yenyewe ya foleni, na madereva walijaza breki maji ya sabuni ya kipande wakaendesha mpaka Mwanza. Aliisimulia kwa fahari. Ni kweli walifika. Lakini ile ilikuwa sabuni ya mche isiyo na povu kama hili, na walijua kwenda taratibu.

"Sabuni ya siku hizi ina mapovu," aliniambia, akikunja uso. "Sijui wanaweka nini. Wewe ni wa nani? Shika hapa."

Nikashika faneli.

Ningeweza kumzuia, nimzungushe bega nimrudishe kivulini. Sikuweza. Alikuwa anafanya kazi kwa uangalifu ambao sijawaona nao mafundi wenye vyeti. "Usiache kopo likauke," alisema. "Likikauka upepo unaingia, mtu anakufa." Nikasema ndiyo mzee. Nikaendelea kushika, huku kazi yangu ya miezi mitatu ikitoka chini, matone kwa matone, ikiingia kwenye udongo.

Hapo ndipo nikakumbuka ute mweupe wa Januari. Maji yakipata moto wa breki yanachemka, na mvuke haubani kitu. Ukishuka Sekenke nayo, pedeli lazima izame. Kumbe hata mwaka jana ilikuwa hivyo. Hazikuwa dramu kuukuu wala maji ya korongo. Maji ya sabuni aliyaweka kwa mkono wake, akashuka nayo, na angekufa.

Na Nathan nilimtukana shambani.

Jumatatu, 31 Machi

Sikurudi Shelui. Nilimfuata Nathan zizini, nikampigia magoti. Mimi mkubwa. Hakufurahi kama nilivyoogopa. Alivua kofia akaniinua kwa kiwiko.

"Inuka, dada. Watu wanaona."

Nikamwuliza kwa nini hakubisha.

"Nimebisha mwaka mzima. Nilikupigia simu mwezi wa tisa nikakwambia nimemkuta barabarani na begi, anangoja lori la chama cha ushirika la enzi zile. Ulisema nini?"

Nilisema uzee ni uzee.

"Kila asubuhi anakwenda kwenye gari. Akilikosa atasahau baada ya siku mbili. Akiliona, anaanza safari. Ndiyo maana nataka liondoke. Siyo hela." Akasugua macho. "Wewe anakusahau mara moja moja kwa sababu unakuja Jumamosi. Mimi namwogesha kila siku, na kila siku ananiuliza kama amenilipa mshahara wangu wa utingo."

Nyani haoni kundule. Nilikuwa namhesabia Nathan nati alizoziua uzi, mimi mwenyewe nimekuwa mgeni kwa baba yangu kwa miaka saba, na nikaliita jambo hilo kazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekaa huku siku kumi. Nimemwogesha baba. Maji yakiwa moto sana anatukana kwa Kinyiramba, yakiwa baridi analia. Nathan amenionyesha ya kati.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Hatukushuka mlima. Hakuna aliyekumbusha.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua zimekoma. Nimezifunga breki kwa mara ya tatu, raba mpya, mafuta mapya. Safari hii wa kukanyaga alikuwa Nathan. Nikasema kanyaga, akakanyaga. Nikasema shikilia, akashikilia. Hakuachia mapema hata mara moja.

Jumamosi, 3 Mei

Nilikuwa na ahadi, na nilikuwa na swali, kwa hiyo tulimpeleka baba kwenye uwanja wa mnada. Siku hizi hakuna ng'ombe, ni uwazi mtupu. Nathan alipinga, halafu akasema, "Basi. Mpe azunguke."

Alipanda kama kijana. Gia hazikulia hata moja. Alizunguka mara mbili, kiwiko dirishani, akipiga mluzi, nami nimekaa pembeni yake nikitamani mama aone. Mara ya tatu uzio wa mnada ukaanza kukaribia. Nikasema, "Simama, baba." Akanigeukia. Uso wake ulikuwa mpole kabisa, na ulikuwa hauelewi. Mguu ukabaki kwenye pedeli ya mafuta. Nikasema tena. Akatabasamu kana kwamba nimemsalimia kwa lugha ya watu wa mbali.

Nilivuta breki ya mkono. Tulisimama hatua mbili kutoka kwenye uzio, injini ikazimika.

Nikashuka, nikazunguka upande wake, nikaikanyaga pedeli ya breki mwenyewe. Ngumu kama jiwe. Breki nzima, hazijawahi kuwa nzima hivi. Siyo breki, ni baba. Nililia pale mbele ya gari, kwa sauti, sikujali. Baba alimwuliza Nathan huyu mama amefiwa na nani.

Jumatano, 7 Mei

Tumekubaliana. Baba anakuja kukaa kwangu Shelui mpaka mavuno ya alizeti yaishe, Agnes apumzike, Nathan apumzike. Landrova inakuja na sisi, nitaiweka nyuma ya gereji chini ya turubai. Baadaye itauzwa, nami nitasaini. Mnunuzi wa Mkiwa amekubali kungoja.

Jumamosi, 10 Mei

Tumeshuka Sekenke.

Niliendesha mimi. Baba katikati, Nathan mlangoni, begi la baba na godoro nyuma. Agnes alimfunga skafu kama mtoto. Njia nzima juu mashamba yalikuwa yamekauka, alizeti zimeinamisha vichwa, vumbi linaingia kila tundu.

Mlima ulipoanza nikaweka gia ya pili. Kwenye kona ya kwanza nikakanyaga taratibu. Landrova ikapungua mwendo imenyooka, haikuvuta kulia wala kushoto. Kona ya pili vilevile. Mbele yetu lori lilikuwa linatambaa na tela mbili. Nikakanyaga kwa nguvu, tukashika barabara kama tumeshonewa hapo.

Baba akakaa wima. Akatazama miguu yangu, akasikiliza. Namjua anavyosikiliza gari, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto.

"Hizi breki," alisema, "ni kazi ya mtu. Aliyezifunga hizi ni fundi."

Nilisubiri neno hili tangu nina miaka kumi na miwili.

"Ni Nathan wangu huyo," akasema. "Nilimfundisha mwenyewe. Nathan ameweza."

Nathan alikuwa amegusana naye bega kwa bega. Akaniangalia juu ya kichwa cha mzee, machozi yakimlenga, akasema polepole, "Hapana, mzee. Aliyezifunga ni Yunisi."

Baba akafikiri kwa kona nzima. Lori la mbele lilikuwa linatoa harufu ya breki zinazoungua. Zetu zilikuwa kimya.

"Yunisi," alisema. "Yule yuko wapi siku hizi? Haji."

Nathan akageukia dirishani.

"Yupo njiani," nikasema. "Anakuja."

"Ukimwona mwambie aje mapema. Korongo likijaa hatapita."

Nje palikuwa pakavu mpaka mwisho wa macho. Nikamjibu, "Nitamwambia, mzee." Nilisema mzee kwa sababu ningesema baba angeniuliza mimi ni wa nani, na mlima ulikuwa bado haujaisha.